Glavu za Daktari Olanya

Kulusum, jirani wa mlango wa pili, alisema ni wanajeshi.

Alisema gari lilikuja mtaani kwao Kisugu baada ya adhana ya isha, taa zimezimwa. Watu wanne walishuka, wamevaa miwani nyeusi, wakaingia kwa Daktari Olanya bila hata hodi. Kisha kikaanza kipigo. Daktari alilia kama mtu anayevunjwa mkono, akanyamaza, akalia tena, akamwita mama yake kwa Kiacholi. Mwisho ikawa kimya. Gari likaondoka kwa kasi, na mtaa mzima ukajifunika shuka mpaka kichwani.

"Uliwaona kwa macho, mama?" Inspekta Ongom aliuliza.

"Mimi nasikia kwa haya masikio yangu mawili."

"Na miwani nyeusi, uliisikia pia?"

Kulusum alivuta kitenge chake begani. "Wallahi, afande, siku hizi nani anakuja na miwani nyingine?"

Koplo Uthman, aliyekuwa akiandika maelezo, alicheka puani. Ongom hakucheka. Mwaka ule wa 1974 hakuna aliyebisha ukisema ni wanajeshi. Mtu akikosekana kazini, ni wanajeshi. Maiti ikiokotwa mtoni, ni wanajeshi. Mara nyingi ilikuwa kweli.

Ongom aliingia ndani.

Marehemu alilala ubavu sebuleni, magoti yamekunjwa hadi tumboni. Hakukuwa na damu. Viti vilikuwa vimesimama. Redio ilikuwa mezani, pochi mfukoni, saa ya mkono bado mkononi.

"Wale watu hawaachi redio," Ongom alisema.

"Hata saa hawaachi, afande."

Mikono ya marehemu ilikuwa ndani ya beseni. Beseni lilikuwa na maziwa yaliyoanza kuganda, na chini ya maziwa ulituama unga mweupe. Ongom aliuvuruga kwa kalamu. Halafu akatazama ukuta. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, na pahali pamoja, karibu na sakafu, chokaa ilikuwa imekwanguliwa mpaka udongo ukaonekana.

"Alikuwa anajishika ukuta, wao wanamvuta," Uthman alisema.

Ongom aliokota kijiko chini ya pale palipokwanguliwa. "Kwa hiki?"

Uthman alikitazama kijiko.

"Mtu anayepigwa hatafuti kijiko. Huyu alikuwa anakwangua chokaa anaitia kwenye maziwa, anaweka mikono. Kwa nini?"

"Labda kichwa iliruka, afande. Maumivu."

"Maziwa siku hizi yanatafutwa kama dhahabu. Huwezi kuyamwaga kwenye beseni kwa sababu kichwa kimeruka."

Akainamia saa. Kioo chake kilikuwa na ukungu. Alikifuta kwa kidole gumba, kisha kwa leso. Ukungu haukutoka. Kioo chenyewe kilikuwa kimeliwa, kimekuwa cheupe kama jicho la samaki aliyepikwa. Ongom aliifungua saa taratibu, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Kwenye chumba cha maiti, daktari wa uchunguzi alimaliza kazi yake mapema. Aliosha mikono kwa maji matupu, maana sabuni haikuwepo, akaeleza huku akijifuta kwenye koti.

"Mfupa hata mmoja haukuvunjika. Hakupigwa. Moyo ulisimama."

"Wenyewe tu?"

"Tazama vidole." Akainua mkono wa marehemu. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe, zimekunjamana kama za mtu aliyefua kutwa nzima, na chini ya kucha palikuwa peusi. "Kuna kitu kimepita hapa. Hakikuchoma ngozi sana. Kimepita kikaenda ndani."

"Sumu?"

"Sina vifaa vya kusema. Naweza kuandika maradhi ya moyo. Siku hizi sote tunaandika maradhi ya moyo, inspekta, tunarudi nyumbani."

"Usiandike bado."

Daktari alimtazama kwa huruma. "Wewe ni Mwacholi, bwana, na Waacholi ndio wanaowindwa siku hizi. Kama mimi ningekuwa wewe, ningeandika."

Kituoni, mwanamke alikaa kwenye ngazi na kopo la chakula mapajani. Alikuwa Zubaida, dada yake Uthman. Mumewe, Wahabi, alikuwa dereva wa kiwanda alikofanya kazi Daktari Olanya, daktari wa kemia, si wa wagonjwa, na alikuwa amekamatwa Kamwokya asubuhi ile, funguo za gari la kiwanda mkononi. Gari alilolisikia Kulusum lilikuwa lake.

"Kaka, kala?" Zubaida aliuliza.

"Hajala. Ngoja hapo," Uthman alisema, akapita bila kumtazama usoni.

Simu ililia kabla Ongom hajakaa. Alikuwa meja, mwenye kiwanda. Alipewa kiwanda kile Wahindi walipoondolewa, pamoja na mashine ambazo hakujua zinawashwa wapi.

"Ongom! Nasikia unaye dereva."

"Ninaye, afande. Namhoji."

"Unahoji nini? Daktari wangu alikuwa anitengenezee uzi. Uzi wa nguo za jeshi, risasi inakwama. Nimeshasema mbele ya wakubwa. Sasa nisemeje? Jua likizama nakuja hapo, nachukua mtu wangu."

"Kama siye, afande?"

"Basi nitafutie ambaye ndiye. Mtu mmoja nitaondoka naye." Simu ikakatwa.

Ongom hakuhitaji kuelezwa. Waliochukuliwa na meja hawakufika kwa hakimu. Alimwita Wahabi.

Kijana aliingia miguu mitupu, amejikunyata kama mwenye homa.

"Ulifuata nini kwa daktari jana?"

"Aliniambia nije baada ya isha, afande. Nimpeleke kumwona mgonjwa wake, Kamwokya."

"Taa za gari ulizima kwa nini?"

"Taa imekufa. Muulize shemeji Uthman, hiyo gari imekufa taa tangu Ramadhani."

Uthman aliitikia kwa kichwa.

"Ulimkuta vipi?"

"Analia. Mikono kwenye maziwa. Nasema, daktari, nani amekupiga? Anasema hakuna mtu. Anasema, vidole, vidole, vinapikwa kwa ndani. Anasema nipeleke kiwandani, dawa iko kiwandani. Nambeba. Hapo mlangoni akanikaza shingo, akalegea." Wahabi alifuta pua. "Nikaogopa. Nikamrudisha chini, mikono nikairudisha kwenye beseni, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Nikakimbia."

"Alisema nani amemfanya hivyo?"

"Hapana. Alisema neno moja tu. 'Ndani.' Anatazama mikono, anasema, 'Ilikuwa ndani.'"

Ongom alisimama, akachukua kofia.

"Afande," Uthman alisema wakiwa ngazini, sauti chini. "Huyu ni mume wa dada yangu. Sijawahi kukuomba kitu."

"Endesha gari, koplo."

Kiwanda kilikuwa Port Bell, nyuma ya reli, mahali ambapo mabehewa huingizwa kwenye meli. Zamani kilitoa mabeseni na kandambili. Sasa mashine zilivaa vumbi, na popo walilala kwenye mkanda wa kupakilia. Chumba kimoja tu cha nyuma kilikuwa na uhai. Hapo ndipo ilipokuwa maabara.

Mwanamke mwembamba aliyevaa koti jeupe lenye viraka aliwapokea. Aliitwa Filda Akwero, fundi wa maabara. Alikuwa amesikia habari za kifo. Macho yake yalikuwa makavu.

"Pole, dada," Ongom alisema.

"Tumeshazoea kupewa pole, afande."

"Nieleze kazi ya daktari. Polepole. Mimi si mtu wa kemia."

Filda alichukua jiwe la kijivu rafuni, akamwekea kiganjani. Lilikuwa jepesi.

"Limetoka magharibi, kwenye milima iliyowahi kutapika moto. Ni fuwele. Ukiliangalia ni gumu, lakini ndani lina matundu, yamepangana kama ya sega la nyuki. Madogo sana. Hadubini yetu haiyaoni."

"Basi mnajuaje yapo?"

"Tunalipima likiwa kavu. Tunaliacha kwenye mvuke, tunalipima tena. Limekuwa zito. Mvuke umeingia mahali."

"Haya. Umeingia."

"Tunaingiza mvuke wa dawa ya plastiki. Njia ni nyembamba, kwa hiyo chembe zinaingia moja moja, haziwezi kupitana. Zinasimama mstari. Tunalipasha jiwe moto, zinashikana mikono. Mstari unakuwa uzi. Wataalamu wanaita polima. Plastiki ya beseni imejisokota ndani kama matumbo ya mbuzi, lakini huu uzi umenyooka, kwa sababu jiwe limeunyoosha. Jiwe ni kalibu."

"Na uzi unautoaje kwenye jiwe?"

"Hauvutiki. Unaliyeyusha jiwe. Kwa asidi. Jiwe linaondoka, uzi unabaki na umbo la njia."

"Risasi inakwama?"

Kwa mara ya kwanza Filda alitabasamu kidogo. "Tangu tuanze tumepata uzi wa kujaza kijiko cha chai. Meja hakuwahi kuuliza. Aliuliza nguo zitakuwa na rangi gani."

Uthman alikohoa akageukia dirisha.

Ongom alizunguka chumba. Upande mmoja palikuwa na mizani, mirija na chupa. Upande wa pili, nyuma ya pazia la nailoni, palikuwa na ndoo za plastiki, vikombe vya plastiki, bakuli za plastiki. Hata balbu iliyoning'inia juu yake ilikuwa imepauka.

"Hapa hamna chupa hata moja."

"Ni chumba cha asidi. Asidi hii inakula kioo."

Ongom alitoa mfuko wa vielelezo, akaweka saa mezani. Filda aliitazama saa, kisha akatazama nje, kule juu kwenye kuta za gereza la Luzira.

"Aliivaa akifanya kazi?" Ongom aliuliza.

"Hakuwa anaivua. Alipewa chuoni kwake, ng'ambo. Aliosha fuwele na saa, alilala na saa."

"Asidi hii inaua?"

"Ikipita kwenye ngozi. Haiunguzi hapohapo. Unarudi nyumbani, unakunywa chai, baadaye ndiyo inaanza. Inafuata chokaa iliyo mwilini, kwenye mifupa na damu, inaishika. Moyo unahitaji ile chokaa."

"Kwa hiyo mtu akijua, anaitafuta chokaa. Kwenye maziwa. Ukutani."

Filda aliigeuza saa, kioo chini.

"Alikuwa anajikinga na nini?"

"Glavu. Zile pale."

Zilitundikwa kwenye kamba, vidole chini. Nyeusi, nzito, ndefu hadi karibu na kiwiko. Ongom alizitazama kwa muda bila kuzigusa. Halafu akaweka mkono wake kando ya mojawapo, kama fundi cherehani anayepima.

"Glavu inapita saa. Inaifunika kabisa."

"Ndiyo."

"Saa ilikuwa chini ya glavu. Mkono wa koti alilokuwa amevaa tumeuona, hauna tundu. Kioo cha saa kimeliwa. Asidi ilipita wapi?"

"Glavu huwa zinatoboka, afande."

"Nani anazikagua?"

"Mimi. Kila asubuhi. Nazijaza maji, nazitundika. Nikiona tone, naitupa."

"Jana ulizikagua?"

"Nilizikagua."

"Ulizikagua vizuri?"

Hapo akainua kidevu. "Sijawahi kumpa mtu glavu mbovu. Tangu nianze kazi, hajaungua mtu hapa."

"Basi hazikutoboka."

Filda alizitazama glavu kwenye kamba.

"Uthman, leta ndoo ya maji."

Koplo alijaza glavu zote mbili mpaka zikavimba kama viwele vya ng'ombe, akazitundika. Walisubiri. Meli ya mabehewa ilipiga honi gatini. Maji hayakudondoka hata tone. Uthman akazimwaga, akazining'iniza tena.

"Nzima," Ongom alisema. "Haikupita kutoka nje. Marehemu alimwambia dereva, 'Ilikuwa ndani.' Sisi tulidhani anasema ndani ya mwili."

"Labda jasho. Labda alishika kitu kabla hajavaa."

"Labda." Ongom alikunja shati mpaka kiwikoni. "Acha nijaribu. Pengine nitaona jinsi inavyoingia."

Akachukua glavu ya kulia. Akaifungua mdomo. Hakuwa akiitazama glavu, alikuwa akimtazama Filda. Akaingiza ncha za vidole, taratibu, akaanza kusukuma.

"Usivae!"

Sauti ilipasuka kama sahani. Filda alikuwa amefika, amemshika kifundo cha mkono kwa mikono miwili.

"Usivae, afande. Tafadhali. Toa mkono."

"Umeona maji yamepita humo sasa hivi. Una hofu gani?"

"Sina uhakika kama yote imetoka. Nimeiosha, lakini sina uhakika." Akasikia alichosema. Mikono yake ikalegea.

Uthman alipiga hatua moja akasimama mlangoni.

Ongom aliiweka glavu mezani. Akaomba kisu cha maabara, akapasua kidole cha kati kwa urefu, ngozi ya mpira ikafunguka. Ndani, kwenye ncha, palikuwa na kitu cheupe kimekauka. Alikibandua kwa kibanio. Kilitoka kizima: kofia ndogo nyeupe, umbo la ncha ya kidole. Maji ya Uthman hayakuwa yameiyeyusha.

"Hii nini?"

"Chokaa," Filda alisema polepole. "Asidi ikimwagika, tunaiua kwa maji ya chokaa. Inakuwa unga mzito usioyeyuka. Jana alipoondoka nilizijaza nikazitundika usiku kucha. Ulituama."

"Glavu huoshwa nje. Ulikuwa unaua nini ndani?"

Alivuta kigoda akakaa. Alijipangusa mikono kwenye koti, mmoja halafu wa pili, ingawa haikuwa na kitu.

"Ningezitupa ziwani, usingeniona."

"Kwa nini hukuzitupa?"

"Zingeokotwa. Watoto wa wavuvi wanaokota kila kitu hapa. Mmoja angezivaa."

Ongom alivuta kigoda cha pili. "Anza mwanzo, dada. Koplo anaandika."

Alianza na mumewe. Ocen naye alikuwa mkemia, chini ya Olanya. Jiwe lilikuwa wazo la Ocen. Ni yeye aliyeyabeba mawe kwenye gunia kutoka magharibi, abiria wenzake wakidhani ni viazi. Ni yeye aliyewaza kwamba njia ya jiwe inaweza kunyoosha uzi. Olanya alicheka kwa mwaka mzima. Siku uzi wa kwanza ulipobaki kwenye bakuli, aliacha kucheka.

"Halafu watu wakaja nyumbani kumtafuta Ocen. Wakasema anapeleka habari kwa waliokimbilia Tanzania. Hakuwepo. Olanya mwenyewe ndiye aliyemwahi njiani, akampeleka Kamwokya, chumba cha nyuma kwa fundi redio. Nilimpigia magoti, afande. Nilimshukuru kwa magoti yote mawili."

"Nani mwingine alijua chumba kile?"

"Mimi na Olanya."

"Na fundi redio?"

"Walimchukua pamoja naye." Alichomoa uzi kwenye kiraka cha koti. "Nilidhani walinifuata mimi. Miezi yote nilijua kwamba nimemuua mume wangu kwa kumpelekea chakula. Olanya alinituliza. Alisema hajakanyaga Kamwokya tangu siku aliyomshusha pale. Alinipa kazi ya Ocen nusu, akasema tufanye kwa heshima yake. Jina kwenye karatasi likawa moja tu. La Olanya."

"Ulijuaje?"

"Shati." Alicheka bila sauti. "Wiki iliyopita. Nilikuwa namvisha glavu, nikaanza kulia, kwa sababu ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Ocen. Olanya akasema, pole Filda, na mimi namwona kila siku, kijana wa watu na shati lake la njano."

Uthman aliacha kuandika.

"Ocen hakuwa na shati la njano kabla ya siku aliyochukuliwa. Lile nililishona mwenyewe kutoka pazia la ofisi ya Mhindi, hapa hapa. Nilimpelekea asubuhi. Akalivaa mbele yangu akasema anafanana na basi. Wakamchukua mchana ule ule. Alilivaa nusu siku, afande. Waliomwona nalo ni mimi, fundi redio, na waliokuwa kwenye gari. Na mtu aliyekaa nao kuwaonyesha mlango."

Mizani iliyokuwa karibu na dirisha ilitikisika kwa upepo wa ziwa, ikatulia.

"Ukazitia asidi."

"Kidogo. Ya kulowesha tu. Alivaa, akaniambia leo glavu zina baridi. Nikamwambia ni maji ya kukagulia, sijazikausha vizuri. Akaniamini. Tuliosha fuwele pamoja mpaka jioni, ananieleza atakavyokwenda ng'ambo kuusomea uzi wake." Filda alitazama lile jiwe jepesi. "Ocen alikuwa jiwe lake. Olanya alimwingia, akachukua umbo lake, akamyeyusha. Nilitaka ajue tu jinsi inavyokuwa."

"Dereva naye yuko ndani kwa ajili yako."

"Wahabi?" Aligutuka. "Wahabi amefanya nini?"

"Alimbeba."

Alifunika uso. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulia mbele yao. Ongom alizunguka meza akamfunga pingu, kwa mbele, zisibane. Kisha alitafuta boksi la kiberiti, akamwaga njiti, akatia humo ile kofia nyeupe na nyingine nne alizobandua kwenye vidole vilivyobaki vya glavu ile.

Simu ya kiwanda ilikuwa bado inafanya kazi. Alimpata meja alipopiga mara ya pili.

"Dereva hana hatia, afande. Ninaye aliyefanya, na amekiri."

"Nani?"

"Fundi wa maabara. Filda Akwero."

"Mwanamke?" Meja aliguna. "Yule mke wa Ocen. Mlete. Nikifika kituoni nikamkuta, dereva aende kwa mkewe. Nisipomkuta, nachukua niliyemkuta."

"Kesi ni ya hakimu, afande. Kuna maelezo, kuna vielelezo."

"Jua linazama, Ongom."

Walitoka. Uthman aliendesha, Ongom na Filda nyuma. Jua lilikuwa limeshuka juu ya ziwa, jekundu, limebakiza kidole kimoja. Barabara ilipita kando ya reli, kisha ikafika pale inapogawanyika. Kushoto ilipanda gerezani, hatua chache tu. Kulia ilikwenda mjini, kituoni, ambako Zubaida alikuwa bado amekaa ngazini na kopo lake.

Ofisa wa zamu gerezani alimfahamu Ongom. Angempokea mahabusu kwa sahihi yake mpaka hakimu apatikane. Alishawahi kufanya hivyo, mara moja, zamani kidogo, mambo yalipokuwa bado yanafanyika.

Filda aliona mlango wa gereza. Akamgeukia.

"Omera," alisema. Ndugu yangu. Hakuwa amemwita hivyo tangu mchana, wala hakuwa amesema Kiacholi. Sasa alikisema chini chini, haraka, ili koplo asisikie. "Sikuombi uniachie. Nimeua, nitakufa, sawa. Lakini nipeleke hapo. Hapo wanaandika jina. Nikinyongwa hapo, mama yangu ataambiwa siku, ataonyeshwa pahali. Usinipe kwa wale. Ocen sijui hata mto gani, omera. Nimetembea kando ya maji yote ya mji huu nikitafuta shati la njano."

Gari lilisimama kwenye njia panda. Uthman hakujua Kiacholi, lakini hakuhitaji kukijua. Mikono yake ilikuwa imeushika usukani pande zote mbili. Aliongea akitazama mbele.

"Afande. Zubaida ana watoto watatu."

Ongom alitazama lango la gereza.

"Tunapita wapi, afande?"

Injini ilitetemeka. Kwenye mfuko wa shati la inspekta, ndani ya boksi la kiberiti, vile vidole vyeupe viligongana, vikaanza kumeguka. Kule juu askari wa gereza alikuwa anafunga nusu ya lango. Jua liligusa maji.

"Omera," Filda alisema tena. "Si hapo tu? Nipeleke hapo tu."